Sinema Niijuayo Katikati Tu

Sinema ninayoijua kuliko zote sijaiona mwisho wake, na kwa miaka 13 sikuwa nimeuona hata mwanzo. Nilikuwa na katikati yake tu, dakika 20 hivi. Kauboi ameshaketi mezani, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa chekundu, anakula maharagwe kwa wa kulia. Kaumizwa na nani, haisemwi. Inakatika yuko juu ya farasi, amegeuza shingo kumtazama mwanamke aliyesimama mlangoni, kinywa ndiyo kwanza kinafunguka, na hapo hapo mkanda unachomoka, ukuta unakuwa mweupe, ncha inabaki kupiga tap tap tap.

Jina la sinema silitaji ng'o. Wapo wakusanyaji wenzangu watakaosoma haya, na aliye na sehemu ya tatu atapandisha bei kabla ya magharibi.

Mimi ni fundi wa friji hapa Malindi. Kazi hii hukuingiza katika nyumba ambazo usingevuka geti lake. Mwaka 2011 niliitwa kwa Mjerumani mmoja mzee, upande wa Casuarina, aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Friji halikuwa na ugonjwa mkubwa, gesi tu. Nilipomaliza akasema pesa taslimu hana, niingie stoo nichague ninachotaka. Stoo kulikuwa na baiskeli nzuri sana. Mke wangu hunikumbusha baiskeli ile mpaka leo. Mimi nilitoka na projekta ndogo ya Eumig, kazi ya Austria, na boksi la mikanda kumi na mmoja. Kumi alijipigia mwenyewe: mkewe ufukweni, mkewe juu ya ngamia, mkewe ufukweni tena. Nilimwuliza kama hiyo hataki kwenda nayo. Akatikisa kichwa, akaniwekea mkononi. Sikumchimba.

Wa kumi na moja ulikuwa wa dukani, ndani ya kasha la plastiki lenye karatasi iliyobanduka, iliyobaki ikisomeka "2. Teil". Nikaenda kuuliza maana yake kwa mtembeza wageni mmoja. Sehemu ya pili, akasema. Basi nikajua kuna ya kwanza mahali fulani duniani, na ugonjwa ukanianza.

Niwaeleze vijana, maana juzi mpwa wangu aliushika mkanda akauliza unachomekwa wapi. Kabla ya kanda za video, mtu aliyetaka kumiliki sinema hakuwa na njia ila kununua mkanda wenyewe na mashine ya kuurushia. Pathé ya Ufaransa ilitoa mashine ya nyumbani ya mkanda wenye upana wa milimita 9.5 mwaka 1922, Kodak ikafuata na milimita 16 mwaka 1923, halafu milimita 8 mwaka 1932. Mwaka 1965 ikaja Super 8, upana ule ule wa milimita 8, ila vitundu vya pembeni vimepunguzwa ili picha ipate nafasi. Kampuni za kuuza sinema za nyumbani zilikuwa nyingi: Castle Films na Blackhawk kule Marekani, Derann Uingereza, Piccolo Film Ujerumani. Zilinunua ruhusa ya sinema kubwa, zikaipeleka kwa mkasi kama suruali ya kaka mkubwa inavyopunguzwa imfae mdogo. Mkanda wa futi 400, yaani mita 120 na ushei, hukimbia dakika 20 tu kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde. Sinema ya saa moja na nusu ilibanwa ikaingia kwenye mkanda mmoja, au ikakatwa vipande viwili vitatu, kila kimoja na kasha lake na bei yake. Sinema nzima bila kupunguzwa ilikuwepo pia, lakini hiyo ilikuwa anasa ya wenye nazo, ndiyo maana leo ni ngumu kuipata. Kisha Wajapani wakatoa kanda ya video ya VHS mwaka 1976, na katika miaka michache biashara yote hiyo ikawa kama duka la taa za chemli siku umeme ulipofika kijijini.

Na kwa nini Malindi? Kwa sababu Wazungu wetu hapa si wapita njia. Waitaliano tuliwazoea tangu miaka ya 1960 kwa mradi wa San Marco, kule baharini karibu na Ngomeni, walikorushia setilaiti. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru, nayo ikaitwa Uhuru. Baadaye wakaja wenzao kwa mapumziko, wakajenga, wakazeeka hapa. Wajerumani nao vivyo hivyo, ingawa wachache zaidi. Watu wa kizazi kile waliponunua nyumba pwani walihamisha na vya sebuleni kwao: sahani za ukutani, kinanda, na mara moja moja projekta yenye mikanda. Projekta za Ulaya zinakubali umeme wetu bila kulalamika. Za Marekani ni za volti 110. Niliwahi kuichomeka moja bila kufikiri, nikapata moshi badala ya picha.

Kwa hiyo windo langu siku zote ni nyumba inayofungwa. Mwenye nyumba akifa au akirudi kwao, vyombo hushikwa na dalali, na kwa dalali kila kitu ni fanicha au ni takataka. Mkanda wa sinema kwake ni takataka. Nina watu wangu: askari wawili wa usiku, mama mmoja anayefua nguo nyumba tano, kijana wa skrepu mwenye mkokoteni. Wote wana namba yangu, wote wanajua nikipewa habari ya kweli natoa soda na nauli. Kijana wa skrepu tulikosana mwanzoni. Alikuwa akipata makopo ya bati ya kuhifadhia mikanda, anamwaga kilichomo, anauza kopo. Siku moja nilipita shamba upande wa Mambrui nikaona juu ya vitalu vya mchicha kumetandazwa utepe unaometameta wa kufukuzia ndege. Nikadhani ni mkanda wa kaseti, kama watu wafanyavyo. Kusogea, ni Super 8! Paka mweusi na mbweha wa katuni wamechanikachanika juani, na ndege wamekaa juu yake hawana habari.

Katuni haikuniuma sana, nikiri. Katuni na vichekesho ndivyo vilivyouzwa kwa wingi kila nchi, na ndivyo vinavyorudi kila sanduku. Topolino nimempata mara sita. Waitaliano humwita hivyo yule panya wa Disney. Charlie Chaplin nimempata hata hesabu imenipotea. Yeye wazee wetu walimpa jina la Chale, kutokana na sinema za gari zilizozunguka kurushwa kwenye shuka viwanjani, na mpaka leo mtu wa mzaha tunamwita chale bila kujua tunamtaja nani. Wauzaji wa mtandaoni huandika "nadra" juu ya kila kitu. Mimi naona mikanda mingi iitwayo nadra ni ile ambayo hata enzi zake haikupata mnunuzi.

Nadra ya kweli iko kwingine. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri, milima ya Usambara, lilifanyika jaribio la kuwaelimisha Waafrika kwa sinema, liitwalo Bantu Educational Kinema Experiment. Walipiga sinema fupi fupi kwa mkanda wa milimita 16, sauti ikawekwa kwenye santuri mbali na picha ili lugha iweze kubadilishwa, wakazunguka nazo kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Zilitengenezwa kadiri ya 35, zilizosalia ni za kuhesabu kwa vidole. Kila nikifungua kopo la milimita 16 lisilo na jina moyo hunipiga. Mpaka sasa limekuwa harusi ya mtu, au mafunzo ya kuchimba choo.

Sasa niseme kuhusu siki. Anayetaka kuanza kazi hii pwani ajue kwamba pua ni muhimu kuliko macho. Mikanda mingi ya zamani ni ya asetati, aina ya plastiki, na asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kuoza, ikitoa asidi ile ile iliyomo kwenye siki. Ubaya wake ni kwamba asidi hiyo yenyewe huharakisha uozo, na hewa yake huambukiza mkanda wa jirani. Mkanda hujikunja, hufupika, vitundu haviingii tena kwenye meno ya projekta. Hakuna dawa. Baridi na ukavu huchelewesha tu. Na sisi tunaishi wapi? Mahali ambapo chumvi hugandamana koponi na milango huvimba kila masika.

Nilijifunza kwa kisu. Mwaka 2014 nilipata kwa mjane mmoja mkanda wa milimita 9.5, ule wenye kitundu katikati, baina ya picha na picha. Ndio pekee niliowahi kushika. Mashine ya kuurushia sikuwa nayo. Nikautazama kwa lenzi ya mkononi picha moja moja: mwanamume mwenye kofia anapanda ngazi, anaanguka, anapanda tena. Nikauweka kwenye sanduku pamoja na mkanda mwingine uliokuwa ukinuka kidogo. Kidogo tu, nilijiambia, na wenyewe ulikuwa wa rangi, nauonea huruma kuutupa. Baada ya masika mbili nilifungua sanduku macho yakatoka machozi. Mwenye kofia alikuwa amepindapinda kama ganda la ukwaju. Yule wa rangi ndiye aliyemmaliza, na yule wa rangi niliutunza mimi.

Tangu hapo mikanda yangu inaishi kwenye friji. Si la kula. Nimelifufua moja lililotupwa, nimelifunga ndani ya chumba cha nyuma, kila mkanda umo kwenye mfuko uliobanwa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Wenye maduka ya viatu hapa mjini wananijua kwa kuokota vipakiti. Umeme ukikatika saa nyingi silali. Mke wangu hakuwahi kulipinga friji lile hadi siku alipokosa pa kuweka achari ya embe, akaiingiza humo. Nilirudi jioni, nikafungua, harufu ya siki ikanipiga usoni. Nilikaa chini pale pale. Yeye anasimulia kisa hiki kwenye kila arusi.

Mwaka jana, mwezi wa Machi, kaskazi ikiishia, dalali mmoja akanipigia.

"Ciao fundi! Kuna mambo yako huku. Njoo kabla sijayachoma."

Nyumba ilikuwa ya Mwitaliano, imeshauzwa, mnunuzi ataka funguo Ijumaa. Dalali ni mtu mzima, rika la marehemu baba, nikamwamkia. Akanionyesha sanduku chini ya ngazi. Nilipoinama tu kalisoma umbo la mgongo wangu, akasema, "Shilingi 15,000. Ni antiki."

"Mzee, si umesema ulitaka kuyachoma?"

"Antiki pia huchomwa."

Nikanusa kwanza. Vumbi, mende, plastiki. Siki hakuna. Mikanda ilikuwa saba. Nikavuta wa juu mkono mmoja, nikauelekeza dirishani. Tundu likiwa kwenye mpaka wa picha na picha, huo ni milimita 8 ya zamani. Likiwa usawa wa katikati ya picha, ni Super 8. Lilikuwa usawa wa katikati. Pembeni mstari wa kahawia: sumaku, una sauti. Rangi ilikuwa imekwenda, yote imebaki waridi kama juisi ya rozela. Mikanda mingi ya rangi ya miaka ya 1960 na 1970 huishia hivyo, kwani rangi ya samawati ndani yake hufifia kwanza na nyekundu hubaki peke yake. Kodachrome, mkanda wa rangi wa Kodak, haifanyi hivyo, ikikaa gizani hutoka kama jana, lakini hii haikuwa Kodachrome. Karatasi ya kasha ilisema "parte prima". Nikaweka lenzi jichoni. Farasi. Mlango. Mwanamke mlangoni.

Niliijua ile kanzu yake kuliko nguo za dada zangu.

Hapa ndipo mkusanyaji hupimwa. Ukipumua vibaya bei inapanda. Nikaurudisha ule mkanda kama mtu aliyeguswa na samaki aliyechacha, nikashika mwingine, Topolino wa saba, nikamshangilia. "Huyu ndiye ninayemtaka. Hivi vingine vimekufa rangi, tazama." Nikampa 2,000. Akacheka, akaniuliza habari za watoto. Nikapanda. Tukazunguka namna hiyo mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, tukakubaliana 4,500 kwa sanduku zima, na mimi nimtilie gesi friza lake la nyumbani bila malipo. Nilipokuwa nafunga kamba kwenye tuktuk akasema, hata hanitazami, "Ningekwambia 20,000 ungetoa, fundi. Ulishikwa na jasho."

Projekta yangu ya kwanza ilikuwa bubu. Yenye sauti niliipata Watamu miezi michache kabla ya siku hiyo, kipande cha mpira kinachoizungusha kikiwa kimegeuka uji mweusi, na globu yake ya volti 12 wati 100 nikaiagiza Ujerumani, ikakaa njiani wiki tisa. Kwa hiyo kauboi wangu sikuwahi kumsikia. Miaka yote alikula maharagwe kimya kimya. Nikaamua nisimsikie peke yangu.

Nilirushia ukutani kwa jirani, baada ya isha, kwa waya wa kuazima. Akaja mama wa viazi karai na beseni lake, wakaja watoto, akaja kijana wa skrepu. Akaja jamaa aliyeuza vinyago ufukweni toka utotoni, ambaye Kiitaliano chake ni safi kuliko Kiingereza changu. Na akaja mzee mmoja aliyekuwa mhudumu katika hoteli za Wajerumani miaka 19. Sikuwa nimelipanga, lakini Malindi ndivyo ilivyo: benchi moja, lugha mbili zote zina wenyewe.

Sehemu ya kwanza ikaenda. Muuza vinyago akatafsiri kwa sauti ya kutangaza mpira, akiongeza ya kwake, hilo nililiona. Kauboi ana sauti nzito, ana deni, ana mikono miwili mizima. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti. Mkono wa kushoto unafungua mlango wa baa usiku. Mlango unafungwa. Tap tap tap.

"Bado mkono," akasema mama wa viazi. Nilishawahadithia.

Nikapachika sehemu ya pili haraka. Kauboi mezani, kitambaa chekundu, maharagwe. Ameshaumia! Kisha akafungua kinywa, ikatoka sauti nyembamba ya Kijerumani, na watoto wakaangua kicheko, wengine wakajilaza mchangani. "Kapigwa koo!" Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeelewa kilichotokea: kampuni ya Italia ilikata kivyake, ya Ujerumani kivyake, na mkono wa maskini yule ukaanguka kwenye ufa baina ya mikasi miwili.

Lakini mzee wa hoteli aliinua kidole. Kauboi alikuwa akimjibu yule mwanamke, akiuonyesha mkono.

"Anasema mbwa," akasema mzee.

"Mbwa gani?"

"Hund. Hund ni mbwa. Kaumwa na mbwa."

Miaka 13 nilikuwa nimempa mtu yule risasi. Nilikuwa nimempa maadui watatu na usaliti wa ndugu. Muuza vinyago akakataa katakata: hapana, huyo amemwita mbwa aliyempiga, ni matusi, hata sisi tunatukana hivyo. Mzee akasema Kijerumani chake alifundishwa na wenye Kijerumani, na mbwa wao alikuwa akiwalisha yeye. Ikabidi nirudishe mkanda nyuma. Mara ya pili kauboi alisema vile vile. Mara ya tatu umeme ukakatika, mtaa mzima giza, na wao wakaendelea kubishana kwa tochi za simu.

Mpwa wangu alinong'ona kwamba sinema nzima ipo mtandaoni, aitafute sasa hivi, dakika mbili tu. Nikamwambia akiitafuta asikanyage kwangu. Mwindaji hali nyama ya bucha.

Asubuhi nikaikagua mikanda, nikaifunga, nikairudisha kwenye friji. Kabla sijatoka kazini mama wa viazi alishamtuma mtoto: mbwa au risasi? Kaweka dau na mzee, sahani kumi za viazi. Nimemjibu asubiri sehemu ya tatu.